Tapeti zinazolia kwenye 4A-GE: pima zote 16 kabla ya kubadilisha shimu

Injini ya Toyota 4A-GE ya valvu 16 imetumika kwenye Corolla AE86, kwenye AE92 na kwenye MR2 ya kwanza. Zilizobaki barabarani hapa Uganda zimeshavuka miaka thelathini, na swali la wenye magari haya ni moja: asubuhi inalia tik-tik-tik, fundi amesema ni tapeti (vikombe vya chuma vinavyosukuma valvu), tufanyeje? Usibadilishe shimu hata moja, yaani visahani vinavyokaa juu ya tapeti, kabla hujapima nafasi ya valvu zote 16. Valvu inayolia inasumbua masikio tu kwa muda mrefu. Inayoua hedi, sehemu ya juu ya injini inayobeba valvu, ni ile iliyobana, na hiyo haitoi sauti.

Injini hii haina roka (mkono unaosukuma valvu) wala skrubu ya kurekebishia. Nundu ya kamshafti, shafti inayofungua valvu (kwa kifupi kamu), inakandamiza tapeti moja kwa moja, na juu ya tapeti kuna shimu, kisahani cha chuma kigumu chenye unene maalumu. Injini ikiwa baridi, nafasi kati ya mgongo wa kamu (upande usio na nundu) na shimu iwe milimita 0.15 hadi 0.25 kwa inleti (valvu za kuingiza hewa), na 0.20 hadi 0.30 kwa ekzosti (valvu za kutoa moshi). Kamu na shimu zikilika, nafasi inapanuka na mlio unaanza. Lakini uso wa valvu na kiti chake navyo vinalika. Valvu inazama kwenye hedi, shina lake linasogea juu kuelekea kamu, na nafasi inapungua. Upande wa ekzosti ndiko hili linakoumiza zaidi, kwa sababu valvu ile hutoa joto lake kwa kugusa kiti kila inapofunga. Nafasi ikiisha, haifungi kikamilifu, joto halina pa kupitia, na ukingo wa valvu unaungua. Utaona gari gumu kuwaka asubuhi, injini inatetemeka usipokanyaga mafuta, nguvu imeshuka mlimani, ilhali ukisikiliza juu ya injini unadhani kila kitu ni kizima.

Kwanza hakikisha mlio wenyewe ni wa valvu. Kamshafti inazunguka mara moja kila krenki, shafti kuu ya injini, inapozunguka mara mbili, kwa hiyo mlio wa valvu ni wa polepole kuliko mwendo wa injini, mwepesi, na unatoka juu. Injekta zinazopuliza petroli nazo hulia tik-tik, ila kwa sauti kavu na ya haraka. Weka ncha ya bisibisi ndefu juu ya injekta, mpini sikioni, utaitambua mara moja. Anayedanganya mafundi wengi ni gasketi ya manifoldi ya ekzosti. Ikivuja hulia kama tapeti kabisa injini ikiwa baridi, kisha chuma kikipanuka inanyamaza. Tafuta masizi meusi kwenye maungio ya manifoldi, au nyunyizia maji ya sabuni injini ikiwa bado baridi uone mapovu. Mwisho, chomoa soketi ya injekta moja moja injini ikiwa inaunguruma bila kukanyaga mafuta. Mlio wa beringi ya koni (mkono unaounganisha pistoni na krenki) au wa pistoni hupungua silinda yake ikizimwa, ule wa valvu haubadiliki. Ukisikia mlio mzito wa kugonga kutoka chini, unaozidi ukikanyaga mafuta, acha habari za tapeti na usiendeshe gari hilo mpaka beringi zikaguliwe.

Angalia pia kiwango cha oili na filta. Filta isiyo na valvu nzuri ya kuzuia oili kurudi chini hufanya injini ilie sekunde chache kila asubuhi, na hapo hakuna shimu itakayosaidia.

Ukipima kompresheni (shinikizo la hewa ndani ya silinda), usishtuke namba zikiwa chini ya zile za kitabu cha gari. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa inayoingia kwenye silinda ni nyepesi. Geji itasoma pungufu kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Kabale inapungua zaidi. Linganisha silinda kwa silinda: tofauti kubwa kuliko kilo 1 kwa sentimita mraba, yaani kama psi 14, inahitaji maelezo, na valvu ya ekzosti iliyobana ni moja ya maelezo ya kwanza.

Sasa kupima. Injini ilale usiku mzima bila kuwashwa, kwa sababu hedi ya alumini ikiwa vuguvugu itakupa namba za uongo. Puliza vumbi la murram kwenye mashimo ya plagi kabla ya kuzitoa. Punje moja ikidondoka ndani inakwaruza ukuta wa silinda. Toa plagi zote nne ili krenki izunguke kwa urahisi, kisha fungua vifuniko viwili vya kamshafti. Zungusha krenki kwa boliti ya puli, kwa mwelekeo wa saa tu, mpaka alama ya puli ifike 0. Tazama silinda namba 1: nundu za inleti na ekzosti ziwe zimetazama nje, na tapeti zake ziwe huru. Zikiwa zimekandamizwa, zungusha krenki mzunguko mmoja zaidi.

Mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2. Katika nafasi hiyo unapima inleti za silinda 1 na 2, na ekzosti za 1 na 3. Silinda 2 iko mwishoni mwa mpigo wa nguvu, ekzosti yake inaanza kufunguka lakini inleti imefungwa. Silinda 3 inamalizia kuvuta hewa, inleti bado iko wazi kidogo lakini ekzosti imefungwa. Ukizungusha krenki mzunguko mmoja, unapima zilizobaki: inleti za 3 na 4, ekzosti za 2 na 4.

Fila geji, majani membamba ya chuma yenye unene ulioandikwa, ipite ikiwa bapa, na uisikie ikikwaruza kidogo. Usiamini jani moja. Kama 0.20 linapita na linalofuata halipiti, hiyo ndiyo namba yako. Kama linalofuata nalo linapita ukilisukuma, endelea kupanda. Andika kila namba kwenye karatasi yenye mchoro wa hedi. Namba zote 16 zikiwa mezani ndipo utaona nani amelika na nani amebana, na mara nyingi utakuta shimu nyingine zinaweza kubadilishana nafasi bila kununua kitu.

Hesabu ni fupi. Unene mpya ni unene wa shimu ya zamani, jumlisha nafasi uliyopima, toa 0.20 kwa inleti au 0.25 kwa ekzosti. Tuseme ekzosti moja imepimwa 0.13 na shimu yake ni 2.85. Hapo 2.85 + 0.13 − 0.25 ni 2.73. Toyota ilitoa shimu hizi kutoka 2.50 hadi 3.30, zikipishana kwa 0.05, kwa hiyo uchague 2.75 au 2.70. Mimi naweka 2.70. Nafasi inakuwa 0.28, bado ndani ya kipimo, na kwa kuwa ekzosti huelekea kubana, umejipa muda. Ukitafuta utulivu wa sauti utachukua 2.75 upate 0.23, na utarudi mapema.

Kutoa shimu bila kufungua kamshafti kunahitaji kile chombo cha vipande viwili. Kabla ya kukandamiza, zungusha tapeti kwa kidole mpaka mkato wake uwe upande unaofikika, maana ukishakandamiza hautazunguka tena. Nundu ikiwa imetazama juu, kipande cha kwanza kinasukuma tapeti chini, cha pili kinashika ukingo wa tapeti tu. Kikigusa shimu, haitoki. Oili inaishikilia kwa nguvu. Upepo kidogo wa kompresa kwenye mkato, bisibisi nyembamba, kisha sumaku. Funika matundu ya kurudishia oili kwa kitambaa safi kabla ya kuanza. Na usizungushe kamshafti hata robo tapeti ikiwa haina shimu: nundu itapiga ukingo wa tapeti na kuuharibu.

Shimu zilizotumika zinapatikana Kisekka, soko la vipuri Kampala, kwa wauzaji wanaofungua hedi za zamani, na si vibaya kuzinunua, ila nenda na maikromita, kifaa cha kupimia unene. Namba iliyochongwa inaeleza unene wa kiwandani, na shimu iliyolika haifikii tena namba hiyo. Kagua uso wake: ukiona mashimo madogo au mfereji uliochimbwa na kamu, iache. Ukiifunga, upande wenye namba ukae chini.

Kusaga shimu kwenye jiwe ili ipungue ni kazi mbaya, hata ikifanywa kwa uangalifu. Ugumu wa chuma kile unaweza kuondoka na ule uso uliosagwa, na ni vigumu sana kwa mkono kuacha pande zote sawa. Inayofuata kulika ni kamshafti. Kuweka kipande cha bati chini ya shimu ni hatari kuliko hiyo, kwa kuwa kitabanwa, kitavunjika, na vipande vitaingia kwenye oili.

Baada ya kubadilisha, zungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili kamili ili shimu zikae, kisha pima tena zote ulizogusa. Vifuniko virudishwe na gasketi nzima. Ikivuja, oili inajaa kwenye mashimo ya plagi na utaanza kutafuta misi (silinda kukosa kuwaka) isiyo ya valvu.

Si kila gari la mwendo linafuata utaratibu huu. Subaru Impreza za turbo za mwanzo, zenye EJ20G, zina tapeti za haidroliki: hakuna cha kurekebisha, na mlio usiokwisha unakuelekeza kwenye oili chafu au tapeti zilizokufa. Datsun 240Z, gari ambalo Shekhar Mehta, mzaliwa wa Kampala, alishinda nalo Safari Rally mwaka 1973, ina roka na skrubu. Nati ya kufungia ni ya spana 17, ya kurekebishia ni ya 14, na nafasi ikiwa baridi ni 0.20 inleti na 0.25 ekzosti. Pale unapima tena baada ya kukaza nati, kwa sababu kukaza kwenyewe husogeza kipimo.

Kwa 4A-GE inayopelekwa kwa kasi kwenye murram, pima tena baada ya kilomita 1,000, hasa ekzosti. Kama ile uliyoirekebisha imebana tena ndani ya muda huo, kiti cha valvu kinaliwa. Hapo acha kununua shimu nyembamba zaidi. Toa hedi, valvu na viti vikatwe upya.