Chupa Mbili za Bia Nyeusi ya Ubelgiji, Kutoka Dar hadi Shangani

Bia nyeusi ya Kibelgiji inasafirishwa chupa ikiwa imesimama. Nyingi hazichujwi. Hamira inayobaki ndani inaendelea kufanya kazi baada ya kizibo kufungwa, na ndiyo inayotengeneza gesi. Ikimaliza kazi inatulia chini na kuwa mashapo ya rangi ya kijivu. Chupa ikilazwa njia nzima, mashapo yanajipaka ubavuni na kupanda kila boti inapopigwa wimbi. Chupa zetu mbili tulizifunga taulo, tukazisimamisha kwenye boksi la baridi pamoja na maji yaliyogandishwa, na katikati tukaweka kipande cha kadibodi ili kioo kisigusane na barafu. Boksi lilikaa miguuni petu. Kwenye rundo la mizigo, jua la bandarini linaanza kuunguza mapema kabla boti haijang'oa nanga.

Zote mbili ni Chimay Bleue, sentilita 33, kilevi asilimia 9, kutoka katoni moja na zenye tarehe moja. Zimetofautiana makazi tu. Moja ilitunzwa kwenye friji. Ya pili ilikaa stoo Dar es Salaam, chini ya bati, msimu mzima wa kaskazi. Bia hii inatoka abasia (nyumba ya watawa wa Kikatoliki) ya Scourmont, kusini mwa Ubelgiji karibu na mpaka wa Ufaransa, ambako watawa wa Trapisti walianza kupika bia mwaka 1862. Huko inatunzwa kwenye vyumba vya chini vyenye ubaridi. Safari yetu ilikuwa ya kupima joto la pwani linainyang'anya nini, na Unguja ilifaa kwa sababu nyingine pia: karibu kila harufu inayotafutwa ndani ya bia ya aina hii inauzwa Darajani, mbichi au kavu, kwa bei ya sokoni.

Boti ya haraka inachukua kama saa mbili hadi bandari ya Malindi, Unguja. Tulitangulia hotelini Shangani, tukaziweka chupa kwenye friji, zimesimama, zikae usiku kucha hadi jioni ya pili. Muda huo hauna njia ya mkato. Bia iliyotikiswa majini ukiifungua siku hiyo hiyo, gesi inatoka kwa fujo na kuyainua mashapo, na ukishamimina huwezi tena kujua uchungu unaousikia ni wa bia au wa hamira. Hoteli tuliichagua kwa sababu ina leseni ya kuuza vileo na walitukubalia kufungua chupa zetu ndani kwa malipo kidogo. Mji Mkongwe una watu wake na heshima yake. Kinywaji hiki hakitembezwi barabarani wala hakifunguliwi baraza ya mtu, na mwezi wa Ramadhani safari kama hii haipangwi kabisa.

Asubuhi tukaenda Darajani. Soko lile lililofunguliwa 1904 lina upande wa samaki na upande wa viungo, na mwenye kazi ya pua aanze na viungo, kwani harufu ya samaki ikishakaa kwenye nguo haiondoki hadi jioni. Tulinunua vitu vichache tu: tende laini, zabibu kavu nyeusi, kipande cha sukari guru, ndizi kisukari zilizoiva hadi kutoka madoa, mkate wa boflo, na karafuu.

Kila kimoja kina sababu yake. Katika bia nyeusi nyingi za Kibelgiji, rangi na utamu wa kuungua vinatokana kwa sehemu kubwa na sukari iliyopikwa hadi kuwa kahawia iliyokolea. Wabelgiji wengi wanatumia sukari ya kiazisukari, ambayo inaongeza kilevi bila kuifanya bia iwe nzito mdomoni. Ndiyo maana bia nyeusi ya asilimia 9 inaweza kushuka kwa wepesi. Harufu ya bia hizi ni ya zabibu kavu na tende, na ukiramba sukari guru unaikuta ile chembe ya uchungu inayokuja mwisho. Boflo tuliuchoma kidogo hadi ganda likabadilika rangi, kwa ajili ya kimea: shayiri iliyooteshwa kisha ikakaushwa kwa moto inatoa harufu hiyo hiyo ya ganda la mkate. Ndizi ni kazi ya hamira. Hamira za Kibelgiji zikifanya kazi kwenye joto la juu zinatoa kemikali inayoitwa isoamili asetati, ambayo ndiyo inayonukia kwenye ndizi mbivu. Kidogo inapendeza. Ikitawala, ujue tangi lilipata joto kupita kiasi.

Karafuu inahitaji maelezo marefu zaidi. Wengi wakionja bia ya Kibelgiji wanaapa kwamba imetiwa karafuu. Wapo watengenezaji wanaotia giligilani na maganda ya chungwa, lakini harufu ya karafuu kwa kawaida haitoki kwenye kiungo chochote. Ni hamira inayobadilisha tindikali ya feruliki, iliyomo kwenye kimea, kuwa kemikali iitwayo vinili guayakoli. Mafuta ya karafuu yenyewe sehemu kubwa ni eujenoli. Kemikali hizo mbili zina umbo la karibu sana, na pua inazisikia kama ndugu. Ukitaka kuzitenganisha ni lazima uwe na karafuu nzuri mbele yako.

Mzee aliyetuuzia alipokea shikamoo, akachukua punje moja na kuibana chini ya kichwa kwa ukucha. "Wanangu, isiyotoa mafuta hapa, msitie mfukoni." Ukucha ulibaki na unyevunyevu wa kung'aa. Kipo kipimo kingine cha nyumbani: tia punje kwenye glasi ya maji. Iliyojaa mafuta inazama, au inaelea ikiwa wima kichwa juu. Iliyokwisha kukamuliwa inaelea ikiwa imelala. Punje kavu nzuri ina mafuta ya asilimia 15 hadi 20 ya uzito wake, na hapo ndipo penye tahadhari kubwa: usiitafune kabla ya kuonja. Eujenoli inatia ganzi, ndiyo maana watu wanaiweka kwenye jino linalouma. Ulimi uliopigwa ganzi hauwezi kupima uchungu wala utamu kwa muda mrefu. Ponda punje, nusa, weka mbali.

Mchana tulipanda gari hadi Kizimbani, kwenye mashamba ya viungo. Tulitaka jani. Jani bichi la mkarafuu ukilifikicha kati ya vidole linatoa harufu nyembamba kuliko punje kavu, ina ukijani, haichomi. Kwa pua zetu, hiyo ndiyo iliyo karibu zaidi na harufu ya bia ya Kibelgiji, kuliko punje ya kwenye pilau. Tulirudi na majani machache ndani ya mfuko wa karatasi. Mfuko wa plastiki unayatoa jasho, na baada ya saa mbili yananuka majani yaliyovunda.

Jioni wageni wengi wa Shangani wanapanda juu ya paa kutazama jua likizama. Kwa bia ni mahali pabaya. Mwanga wa jua ukipenya glasi unavunja kemikali za uchungu wa hopsi, maua yanayotiwa kwenye bia, vipande vyake vinaungana na salfa iliyomo, na dakika chache zinatosha kupata harufu ya kicheche. Chupa ya kahawia inazuia sehemu kubwa ya mwanga huo, glasi haizuii chochote. Tulikaa ndani, kwenye meza iliyo mbali na jiko, feni ikiwa imezimwa kwa muda wa kunusa kwani upepo unaipeperusha harufu kabla haijafika puani.

Glasi zilikuwa za mvinyo, zenye mguu na tumbo pana. Tulizisuuza kwa maji ya chupa. Unguja imekaa juu ya mawe ya chokaa, maji ya visima yana chumvi za mawe, na glasi ikikauka inabaki na utando mweupe. Sabuni au mafuta yakibaki ni mabaya zaidi: povu linakatika papo hapo na utailaumu bia bure. Jaribio ni rahisi. Lowesha glasi, imwage. Maji yakiteleza kwa usawa ni safi, yakijikusanya matone, osha tena.

Joto la kunywea ni nyuzi 10 hadi 13. Likiwa chini ya hapo, baridi inafunga harufu na ulimi unasikia gesi na uchungu tu. Kwenye chumba chenye nyuzi 30, chupa iliyotoka kwenye friji ya nyuzi 4 inahitaji kama dakika 20 mezani. Usifuate saa peke yake. Kipimajoto cha jikoni ndani ya glasi kinasema kweli.

Tulianza na chupa ya friji. Unainamisha glasi, unamimina taratibu, katikati unainyoosha ili povu lipande, na unasimama sentimita moja kabla ya mwisho wa chupa ili mashapo yabaki. Pua inaingia mara moja, kabla ya kutazama rangi, kwa sababu harufu nyepesi zinakimbia ndani ya dakika ya kwanza. Zabibu kavu ilitangulia, halafu ganda la boflo, halafu lile jani la Kizimbani, likiwa limefichama nyuma. Ndizi ilikuwepo kwa mbali, kama inavyotakiwa. Rangi ni kahawia, na ukiielekeza kwenye taa inageuka wekundu wa mbao ya mninga. Povu la rangi ya maziwa ya chai lilisimama vidole viwili na kuacha utando kwenye kuta za glasi. Mdomoni utamu unaingia kwanza, gesi inaukata, kisha linakuja joto la kilevi kooni bila kuunguza. Mwisho ni mkavu. Uchungu wa hopsi ni mdogo. Bia hizi haziutegemei.

Alama tulitoa kwa karatasi ya BJCP, mfumo wa waamuzi wa bia ulioanzishwa Marekani mwaka 1985. Jumla ni 50: harufu 12, sura 3, ladha 20, hali ya mdomoni 5, na jumla ya uamuzi 10. Tunaupenda kwa sababu ladha na harufu zinabeba alama 32, na uzuri wa sura hauwezi kuiokoa bia mbovu. Chupa ya friji ilipata 10, 3, 16, 4 na 8. Hiyo ni 41, ndani ya daraja la 38 hadi 44 ambalo ni la bia bora sana. Tulikata alama za ladha kwa sababu utamu wa kati ulikaa muda mrefu kuliko tulivyotaka.

Kabla ya chupa ya pili tulisafisha kinywa kwa maji na kipande cha boflo kisichochomwa. Urojo wa Forodhani ni mtamu, lakini usile kabla ya kazi hii. Ukali wa embe na pilipili unabaki ulimini, na kilevi kinaichochea pilipili.

Chupa ya stoo ilifunguka kwa sauti ile ile, povu likapanda vizuri, kisha likaporomoka ndani ya nusu dakika. Tulishuku hamira hapo hapo. Hamira inapokaa kwenye joto inakufa na kupasuka, na vimeng'enya vinavyomwagika vinakata protini zinazolishikilia povu. Pua ikathibitisha: nyuma ya tende palikuwa na mchuzi wa soya. Tende yenyewe ilikuwa imekolea zaidi kuliko ya chupa ya kwanza, na mtu asiyezijua bia hizi angeipenda. Lakini ilikuwa tende ya oksijeni, ile inayokuja bia inapozeeka haraka, na chini yake kulikuwa na karatasi iliyoloa. Jani la karafuu halikuwepo tena. Tuliponda jani jipya, tukanusa, tukarudi kwenye glasi: hakuna. Mdomoni katikati palikuwa patupu, na kilevi kilichomoza peke yake.

Tuliipa 7, 2, 12, 3 na 5, jumla 29. Tofauti ya alama 12, bia moja, katoni moja. Bia nyeusi yenye kilevi kikubwa inasifiwa kuwa inakaa miaka, na ni kweli, lakini sifa hiyo imejengwa kwenye ubaridi wa chini ya ardhi. Chini ya bati la Dar, hata msimu mmoja ni mwingi.

Chupa moja inatosha kugawana watu wawili. Sentilita 33 za asilimia 9 zina kilevi karibu sentilita 3, zaidi ya chupa ya nusu lita ya bia ya asilimia 5, na usukani hauguswi baada yake. Robo ya mwisho ya chupa ya friji tuliiacha ipande hadi nyuzi 16, tukainywa na halua ya Pemba. Samli na iliki za halua ziliufunika utamu wa bia, na uchungu wa sukari iliyoungua ukatokea waziwazi kwa mara ya kwanza. Kipande kiwe kidogo, kama nusu ya kidole gumba. Kikizidi hapo, bia inaonekana chachu.