Chaki, sakafu na dagaa wa Kibirizi

Anayenunua dagaa alfajiri pale mwalo wa Kibirizi, hapa Kigoma, hana nafasi ya kuwaza sana. Mitumbwi imefika, mabeseni yanapishana vichwani, dalali anapaza sauti, na wewe umefunga pesa za wenzako kwenye pindo la khanga. Kikundi chetu cha akina mama kilinunua hivyo kwa muda mrefu, kwa mazoea, na mwisho wa mwezi tukifungua daftari tunakuta faida haionekani. Kila mmoja alikuwa na sababu yake: mvua, bei, uvivu wa fulani. Mimi ni katibu, kwa hiyo sababu zote zilimalizikia kwangu.

Mtoto wa kaka yangu anasoma kompyuta chuoni. Alipokuja likizo akanisikia nikinung'unika, akasema, "Shangazi, acha kueleza, chora." Akanionyesha maumbo manne ya mchoro wa mtiririko wa kazi. Umbo la yai ni mwanzo au mwisho. Mstatili ni kazi inayofanyika. Almasi ni swali, na kila jibu lina njia yake ya kutokea. Mshale unaonyesha kinachofuata. Nikamwambia hayo ni mambo ya wenye kompyuta, akacheka. Kumbe michoro ya namna hii ilikuwepo kabla ya kompyuta: Frank Gilbreth na mkewe Lillian waliionyesha mbele ya wahandisi wa mitambo wa Marekani mwaka 1921, na huyo Frank alianza maisha ya kazi akiwa fundi mwashi. Mtu wa matofali nikamwelewa.

Sikutumia karatasi. Manila ikishabandikwa ukutani watu huiogopa, wanaona imekwisha. Nilichukua chaki nikachora kwenye sakafu ya saruji ya stoo yetu, ambapo yeyote angeweza kufuta kwa soli ya kandambili yake. Nikawaomba wanieleze, mmoja mmoja, dagaa anapitia wapi tangu mwalo hadi kwenye gunia.

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Kununua na kuanika hakukuwa na ubishi. Lakini tulipofika kwenye almasi ya "Mvua inakuja?" nikauliza nani anajibu. Wanaokaa kwenye chanja, pale tunapoanikia dagaa, wakasema mwenyekiti. Mwenyekiti akasema, "Mimi saa hizo niko sokoni natafuta wateja, mawingu nitayaonea wapi?" Stoo ikanyamaza. Miaka yote hiyo, swali letu la gharama kubwa kuliko yote lilikuwa linapelekwa kwa mtu asiyekuwepo, na dagaa wanalowana huku simu ikiita. Masika yote tulikuwa tukilaumu mvua. Tukafuta jina, tukaandika: aliye kwenye chanja ndiye anayeamua kukusanya, haombi ruhusa. Kama mchoro ule ungeishia hapo tu, mimi ningeridhika.

Haukuishia hapo. Bibi mmoja wa Ujiji, ambaye kusoma si kazi yake, aliufuata mchoro kwa ncha ya fimbo kutoka yai la kwanza hadi la mwisho. (Kwa ajili yake na wengine nilichora wingu, sado na gunia badala ya maneno, na nashauri hivyo hata kwa wanaosoma.) Akafika kwenye kufungasha, akasimama. "Mwanangu, ambaye hajakauka anarudi wapi?" Hapakuwa na mshale wa kurudi. Sote tunajua dagaa mkavu ukimkunja anakatika, ambaye bado anapinda tu. Tunajua pia kwamba wachache wenye unyevu wakifungwa gunia moja na wakavu, ukungu unalila gunia lote njiani kabla halijafika Dar es Salaam. Lakini jioni kila mtu ana haraka, na hakuna aliyepewa kazi ya kuwarudisha juu ya chanja. Tukaongeza almasi kabla ya gunia, na mshale mrefu wa kurudi nyuma. Bibi ndiye aliyekabidhiwa swali hilo. Ni mkali, usimletee dagaa anayepinda.

Upande wa kununua ulitusumbua zaidi, kwa sababu maswali yote tulikuwa nayo, ila yalikuwa yamepangwa vibaya. Sisi tulianza na bei. Ikiwa chini, tunabeba. Nikachora pembeni mchoro wa aina nyingine, usio na mwanzo wala mwisho, viduara tu na mishale ya kinachosukuma kinachofuata. Usiku wa giza taa zinavuta dagaa vizuri, mavuno yanakuwa mengi, bei inashuka, kila kikundi kinanunua, chanja zinajaa. Mbalamwezi ikiwaka taa hazina nguvu, wavuvi wengi wanapumzika, bei inapanda, chanja zinabaki tupu. Yaani siku ya bei nzuri ndiyo hiyo hiyo siku ambayo huna pa kuanika! Tulikuwa tunafurahia bei kisha tunawamwaga dagaa mchangani, wanachanganyika na mchanga, mteja anatukata bei. Sasa almasi ya kwanza ni "Chanja ina nafasi?" Jibu likiwa hapana, bei hatuiulizi kabisa.

Mchoro ule wa viduara ulikuwa na ubaya wake pia, maana ulitutisha. Mishale yote ilitoka kwenye kiduara kimoja, mitumbwi. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti 2024, tuliona kwa macho maana yake. Tangu hapo kuna kisanduku cha akiba ambacho zamani tungekiona cha anasa.

Nilijaribu na mchoro wa mfupa wa samaki wa Mjapani Kaoru Ishikawa. Kichwa ni tatizo, na miiba ni sababu, aghalabu watu, vifaa, njia, malighafi, vipimo na mazingira. Kwa Kigoma nilidhani utapendwa, na kweli walicheka, wakaniambia nimechora mgebuka. Lakini kwetu haukufaa sana. Kila mwenye kinyongo alipata mwiba wa kukitundika, samaki akajaa miiba, na hakuna aliyeweza kuonyesha upi unatuchoma zaidi. Kwa kikundi chenye maneno mengi kama chetu, napendelea almasi. Almasi inakulazimisha kujibu na kumtaja anayejibu.

Mchoro wa sakafuni niliupiga picha nikautuma kwenye kundi la WhatsApp, na toleo la manila liko ukutani sasa, limeandikwa kwa penseli makusudi.

Sehemu moja haijachorwa. Ni ya kuwakopesha ndugu. Niliweka almasi, "Alilipa deni la kwanza?", mwenyekiti akaifuta kwa kandambili kabla sijamaliza. "Katibu, shemeji yangu humuingizi kwenye kisanduku." Wengine wakamuunga mkono, wengine wakaguna. Nimeacha nafasi tupu hapo, na mkutano ujao nitakwenda na chaki.