Robine ya remorke si robine ya nyumbani

Kiangazi kimeshika Lubumbashi. Vumbi jekundu limekaa juu ya mabati, na remorke za kambi, yaani trela za kulala safarini, zinatolewa uani, zioshwe kwa safari ya mbuga ya Kundelungu. Kilio ni kilekile kila mwaka: unafungua robine (bomba la maji) ya jikoni, kimya. Wengi hukimbilia komini ya Kenya, mtaa wa hapa mjini, kununua nyingine, na pesa zinaliwa bure, kwa sababu katika remorke nyingi robine ni swichi ya umeme pia.

Chungulia kwanza chini ya sinki. Ukiona waya mbili nyembamba zinashuka pamoja na mpira wa maji, pampu yako ni ile ndogo ya 12 V inayozama ndani ya tangi au bidoni (dumu). Ukigeuza mkono wa robine, swichi iliyofichwa ndani yake inaunganisha waya hizo na pampu inaamka. Ukifunga pale robine ya nyumbani, hata tone hutapata, maana hakuna wa kuiamsha pampu. Kama waya hazipo, huenda ni pampu ya shinikizo, inayokaa nje ya tangi na kujiwasha yenyewe shinikizo likishuka. Hiyo haichagui robine.

Kwa ile ya waya, jaribio ni moja, na halihitaji fundi. Hakikisha maji yamo tangini, chomoa waya mbili za swichi, uzigusanishe kwa sekunde mbili au tatu. Pampu ikilia, swichi imekufa, au waya umekatika palepale kwenye kiungo. Isipolia, iache robine, haina kosa. Tazama fyuzi, kisha unganisha balbu ya gari ya 12 V kwenye waya zinazoingia pampuni, huku zile za swichi zikiwa bado zimegusana. Balbu ikiwaka, pampu ndiyo mgonjwa. Isipowaka, umeme umepotelea njiani. Mashimo ya barabara hulegeza viungo. Angalia tu usichanganye: waya chanya na hasi za betri zikigusana, fyuzi inaruka.

Pampu inalia na maji hayaji? Ni hewa, hasa baada ya kubadilisha bidoni. Izamishe pampu, itikise ndani ya maji mpaka mapovu yaishe. Watu wametupa pampu nzima kwa mapovu haya.

Pampu ikikataa kuzima hali robine imefungwa, maji yameingia kwenye swichi. Kuianika juani kunaweza kuirudisha kwa muda, lakini usiiamini, ibadilishe. Ukikosa robine yenye swichi, funga ya kawaida, kisha weka kando ya sinki swichi ya gari ya 10 A ya kuiwasha pampu kwa mkono. Haipendezi macho, ila inafanya kazi, na spea zake zipo mjini.

Robine kudondoka ni habari nyingine. Maji ya visima vya huku yana chokaa, na ukoko wake huzuia kushikana vizuri kwa sahani mbili ndogo za kauri zilizo ndani ya katriji, kiini cha robine kinachofungua na kufunga maji. Zima pampu, acha robine wazi mpaka maji yaishe, kisha fungua skrubu chini ya kifuniko cha mkono. Loweka katriji na kichujio cha mdomoni katika siki nyeupe yenye uvuguvugu kwa nusu saa, usugue kwa mswaki wa zamani. Raba zipakwe grisi ya silikoni, vaselini huzivimbisha. Kama sahani imepasuka, nenda dukani na katriji ya zamani mkononi, vipimo vinatofautiana sana.

Wakati wa kurudisha robine, chovya ncha ya mpira katika maji ya moto ili ilainike, isukume mpaka mwisho, kisha kaza pete inayoubana mpira. Nyuzi za skrubu za plastiki zinataka utepe wa tefloni mizunguko mitatu au minne, kaza kwa mkono, ongeza robo mzunguko kwa spana. Hapa ndipo nguvu nyingi huharibu: shingo ya plastiki hupasuka bila kelele, na uvujaji unaonekana kesho yake.

Funga kiungo kwa karatasi laini ya msalani, endesha pampu dakika tano, kisha tazama kama karatasi imelowa. Rudia kipimo hicho ukifika uendako, mitikisiko ikishamaliza kazi yake.