Nilivyokereza vifundo vya milimita nne vya modeli ya injini ya mvuke

Modeli ya injini ya mvuke huonekana ya kweli au ya bandia kutokana na vitu ambavyo mtazamaji hata hajui kuwa ameviona: nati zinazouzunguka mlango wa chumba cha moshi, vikombe vya mafuta juu ya vyuma vinavyozungusha magurudumu, vifundo vinavyoshika bomba la mkono, yaani lile la kujishikia, ubavuni mwa boila. Boila inaweza kuwa imelehemiwa kwa ustadi wote, lakini ukiipachika nati za dukani zilizonenepa kupita kiasi, jicho linakataa mara moja.

Yangu ni ya kipimo cha 1:16. Njia ya reli ya kawaida, yenye upana wa milimita 1,435, inakuwa karibu milimita 90, na wajenzi wa modeli huichukulia kuwa inchi 3½. Hayo ni makubwa. Shida iko chini zaidi: bomba la mkono lenye unene wa milimita 32 linageuka kuwa waya wa milimita 2, kifundo kinachoubeba waya huo kinabaki na kichwa cha mviringo cha milimita 4 hivi, na bolti ya milimita 19 inashuka hadi milimita 1.2. Ukikiangusha kifundo cha aina hiyo sakafuni, mara nyingi ni rahisi kutengeneza kingine kuliko kukitafuta. Sumaku haikusaidii, kwa kuwa ni shaba.

Namna nilivyovitengeneza inaegemea jambo moja: kipande kidogo hakitengenezwi kikiwa kidogo. Kinabaki sehemu ya ufito mnene hadi mwisho kabisa, na kila tundu na kila hesi, ile mikato ya skrubu, hukamilika kabla hakijakatwa. Mwenye kukata kwanza halafu akatafuta namna ya kukishika, atakishika kwa koleo, na koleo litaacha alama.

Mashine yangu ya kukereza ni ya mezani, na kasi yake ya juu ni mizunguko 2,500 kwa dakika. Shaba ya njano, ile iliyochanganywa na zinki na risasi kidogo, hukatika vizuri makali yakipita kwa mita 60 kwa dakika au zaidi. Piga hesabu: ufito wa milimita 3 ungehitaji mizunguko zaidi ya 6,000 kufikia hapo. Keekee ya milimita 0.6 ndiyo usiseme. Kwa mizunguko 2,500 makali yake hayafiki mita 5 kwa dakika. Wapo wanaodai kwamba bila mashine ya kasi kubwa kazi hii haifanyiki. Mimi nasema inafanyika, ila inataka kisu kikali na mkono mwepesi. Keekee nyembamba inayozunguka polepole haipendi kusukumwa. Iingize kidogo, itoe, futa chenga, irudishe. Ikivunjikia ndani ya tundu, kipande hicho kimekwisha.

Kuhusu kisu, nakinoa kwenye jiwe la mafuta hadi makali yasirudishe mwanga. Uso wake wa juu uwe bapa kabisa, usiteremke, kwa sababu shaba ya njano ina tabia ya kuivuta ncha iingie ndani zaidi ya ulivyokusudia. Keekee ya milimita 2 nayo niliisugua kidogo midomoni ili iwe na ubapa uleule, maana shaba hiyohiyo huikamata keekee pale inapotokezea upande wa pili.

Kisha urefu wa ncha. Hapa chukua rula nyembamba ya chuma, isimamishe kati ya ncha ya kisu na ufito, halafu sogeza kisu polepole hadi kiibane kidogo tu. Rula ikisimama wima, ncha iko katikati. Ikilala upande wowote, kisu kiko juu au chini, nawe unaongeza au kupunguza vibati chini yake. Kwenye kazi kubwa sehemu ya kumi ya milimita haikunyimi usingizi. Kwenye kipini cha milimita 1.4, ncha iliyo chini kwa milimita 0.1 inaacha kinundu cha milimita 0.2 katikati ya uso, na hapohapo ndipo keekee itakapoteleza.

Kinachowasumbua wengi kwenye vifundo ni tundu la ubavuni, lile linalopitisha waya. Kutoboa mpira wa milimita 4 katikati kabisa, ukiwa umeshakerezwa, ni kujitesa, kwa kuwa keekee haina mahali pa kutua. Kwa hiyo nilitoboa kwanza, nikakereza mpira baadaye kulizunguka tundu. Nilichukua kipande cha chuma cha mraba, nikakitoboa tundu la milimita 5 kwa urefu, saizi ya ufito wangu, na tundu jingine la milimita 2 kukingama, likipita katikati kabisa ya lile la kwanza. Upande mmoja nikaweka bolti ya kuzuia. Ufito unaingia, unagonga bolti, nabana, natoboa. Kila tundu linaangukia umbali uleule, milimita 7 kutoka mwisho wa ufito, bila kupima tena. Kukitengeneza kifaa hiki kulichukua muda mrefu kuliko vifundo vyenyewe, na sioni ubaya wowote.

Kabla ya kurudi kwenye mashine niliziba tundu kwa kipande cha waya wa shaba, kikabana vizuri. Bila kizibo, kisu kinaruka kila kinapofika kwenye tundu na kuacha vinyuzi vya ukali ndani, na vinyuzi hivyo ndivyo vitakavyouzuia waya wa bomba la mkono kupita. Kikiwepo, kisu kinadhani kinakata shaba tupu. Mwishoni unakisukuma nje kwa sindano, na kingo za tundu zinabaki safi.

Ufito ukiwa kwenye koleti, kibanio cha mviringo cha mashine, nilianza na kipini cha chini, kile kitakachoingia kwenye boila. Kutoka milimita 5 hadi 1.4 nilishuka kwa mpito mmoja. Najua wengi hupunguza kidogo kidogo wakidhani ndiyo salama, lakini kwenye kitu chembamba ni kinyume chake. Kila mpito unakiacha kikiwa dhaifu zaidi mbele ya kisu. Ugumu wa ufito dhidi ya kupinda hufuata kipenyo chake kwa kipeo cha nne: ukipunguza unene kwa nusu, unabakiwa na sehemu moja ya 16 ya ugumu. Ukikata mara moja, kisu kinakuwa daima kinaula ufito mnene, na sehemu nyembamba inabaki nyuma yake bila mzigo. Chenga zinaruka kama mchanga uliopeperushwa, kwa hiyo miwani ni lazima.

Hesi nilikata kwa dai, kifaa cha kukatia hesi ya nje, ya M1.4, yaani ya kipenyo cha milimita 1.4, yenye hatua (umbali kati ya jino na jino) ya milimita 0.3, nikiuzungusha mhimili kwa mkono huku dai ikishikiliwa na kichwa cha nyuma, kile cha mashine kinachoukabili mhimili, ili isiingie mshazari. Wanaotumia hesi za BA (British Association) za Uingereza wangechukua namba 12, ya milimita 1.3. Mfumo huo wa miaka ya 1880 bado unapendwa na wajenzi wa modeli, kwani kutoka namba moja hadi inayofuata hatua hupungua kwa sehemu ya kumi tu, na ni nadra kukosa saizi iliyo karibu na unayoitaka.

Mpira wenyewe nilikereza kwa kisu cha umbo. Nilitoboa kibao chembamba cha feleji tundu la milimita 4 karibu na ukingo, nikasaga ukingo hadi likabaki tao, nikatia mteremko kwa chini, nikakichoma hadi kikawa chekundu, nikakizamisha kwenye mafuta. Halafu nikakipasha tena hadi kikashika rangi ya majani makavu, kisije kikamomonyoka. Kisu kama hiki kinagusa shaba kwa upana mkubwa, kwa hiyo hapa nilishusha kasi badala ya kuipandisha, nikakiingiza taratibu. Kikitetemeka, acha kusukuma, punguza kasi zaidi, angalia kama kimetokeza mno kwenye kishikio chake. Niliacha shingo ya milimita 1 nyuma ya mpira, nikakata hapo.

Kinabaki kinundu juu ya kichwa. Kwa hicho nilifunga ufito mwingine kwenye koleti, nikautoboa na kuukata hesi ya ndani ya M1.4, nao sikuutoa hadi kazi yote ikaisha, maana ukiutoa na kuurudisha hautakaa katikati kama mwanzo. Kila kifundo kiliingia hapo kwa hesi yake, kikasafishwa kichwa na kufunguliwa. Msasa laini kidogo unatosha. Ukizidisha kung'arisha, kona zote zinalainika na kitu kinaanza kufanana na hereni.

Nati zilifuata mantiki hiyohiyo, kwa haraka zaidi: ufito wa pembe sita, tundu, hesi, kata. Ujanja wa kuutaja ni waya. Kabla kisu hakijamaliza kukata, naingiza waya mwembamba ndani ya tundu la nati, ukiwa umeshikwa na kichwa cha nyuma. Nati ikikatika inabaki inaning'inia kwenye waya badala ya kuruka chini ya meza, na zinazofuata zinapangana hapohapo.

Je, vyote ni saizi kamili? Hapana, na sikuhangaika. Jicho halijui kama mpira ni milimita 4.00 au 3.93, lakini vifundo vikipangwa mstari mmoja, kile kilicho tofauti na jirani zake kinaonekana ukiwa umesimama mbali. Maikromita niliitumia kulinganisha kifundo na kifundo kuliko kukilinganisha na mchoro.

Vipo pia vitu ambavyo sikuvipunguza kwa 16, kwa kuwa maumbile hayakubali. Filimbi ikifupishwa mara 16, mlio wake unapanda mara 16. Ya hetsi 500 ingelia kwa 8,000, mlio wa kutoboa masikio usiofanana kabisa na treni. Ile ya juu ya boila ni pambo, na inayolia ni ndefu, imefichwa chini ya ubao wa pembeni. Kioo cha kuonyesha maji nacho nilikiacha kinene kuliko mchoro, kwa sababu kwenye bomba jembamba mno maji hung'ang'ania kuta na kukudanganya kuhusu kiwango kilichomo ndani ya boila. Hapo urembo unasubiri, usalama unatangulia.

Wakati wa kufunga kuna jambo moja ambalo michoro mingi hailitaji. Kifundo kikikazwa hadi mwisho, tundu lake linaweza kuelekea popote, wakati linatakiwa kulala sambamba na boila. Kukilegeza si dawa. Hatua ya hesi ni milimita 0.3, kwa hiyo ukiondoa milimita 0.075 kwenye bega la kifundo, pale kipini kinapoanzia, kinajizungusha robo zaidi kabla ya kukaza. Na kwa kuwa tundu limepenya pande zote mbili, huhitaji kamwe kupunguza zaidi ya milimita 0.15. Nilikaza kila kimoja, nikakadiria pembe iliyobaki kwa kuchomeka kipande cha waya, nikakirudisha kwenye ufito wenye hesi na kupunguza bega kwa kiasi hicho. Vilivyo karibu na chumba cha dereva vilihitaji marudio, kwa kuwa boila hapo inapanuka na bega halikai bapa. Hivyo niliviwekea vikombe vyembamba chini, vilivyokerezwa kufuata mkunjo. Waya wa milimita 2 ulipita wote bila kupindwa, na sasa niko kwenye vali za kulisha maji, ambazo zina hesi pande tatu.