Haikuwa Mkono Wake

Mwaka wa 2019, serikali ilipokuwa ikiwahakiki upya raia wenye silaha, kiwanja cha shabaha nilikofanya kazi, nje kidogo ya jiji la Nairobi, kilijaa watu kila Jumamosi. Nilikuwa msaidizi wa mzee mmoja, fundi wa silaha mwenye leseni, mstaafu wa jeshi. Siku moja alikuja mama mwenye duka la jumla, na bastola ya milimita 9 aliyokuwa akiibeba kwa ajili ya pesa za mauzo. Kila akipiga risasi chache inakwama, ganda tupu limebanwa kwenye dirisha la slaidi, ile sehemu ya juu ya bastola inayorudi nyuma kila ikipigwa, limesimama wima.

"Mama, mkono wako umelegea," bwana mmoja pembeni akamwambia kwa sauti, na wenzake wakaitikia. Iliniuma. Nilikuwa nimemtazama akipiga. Ameikamata bastola sawasawa, viganja vyote viwili vimekaza.

Ni kweli mkono ukilegea bastola hukwama. Risasi ikilipuka, slaidi inasukumwa nyuma, na ili ifike mwisho lazima fremu, yaani sehemu ya chini yenye mpini, itulie mkononi. Fremu ikirudi pamoja nayo, slaidi inaishia njiani na ganda halitupwi nje. Lakini risasi dhaifu huleta dalili hiyo hiyo, hata springi ya slaidi ikiwa ngumu kupita kiasi. Kumhukumu mtu kwa dalili moja ni kumwonea.

Mzee hakubishana na yeyote. Aliinama akaangalia maganda sakafuni. Slaidi ikikosa nguvu, kwa kawaida maganda hudondoka karibu karibu, miguuni pa mpigaji. Haya yalikuwa yametapakaa ovyo: jingine mbele, jingine mbali kulia, na moja lilikuwa limempiga mama kwenye paji la uso.

"Bwana, hebu piga wewe," Mzee akamwambia yule msemaji. Akapiga, ikakwama. Tukabadilisha magazini, kile kisanduku cha risasi kinachoingia kwenye mpini, ikakwama. Tukarudisha magazini yake, tukabadilisha risasi peke yake. Bado. Mzee alikataa katakata kubadilisha vitu viwili kwa mpigo, maana ukifanya hivyo ikapona, hujui kilichoiponya.

Mezani alitoa magazini, akakagua chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa, kwa macho na kwa kidole, akanipa nami nikague, ndipo akaifungua. Akachukua slaidi peke yake, bila mtutu, akachomeka ukingo wa ganda tupu chini ya kulabu, kile kijino kinachovuta ganda kutoka chemba. Kulabu nzima hulishikilia ganda hata ukiitikisa slaidi kidogo. Hili lilianguka mezani kabla hajatikisa chochote.

Alinipa njiti ya mbao. Chini ya kulabu nilichokonoa masizi yaliyochanganyika na unga wa shaba, yakatoka vipande vigumu vyeusi. Aliyemuuzia alimwonyesha jinsi ya kusafisha mtutu tu. Kulabu hakuitaja kabisa, na hilo linanikera mpaka leo. Tukasafisha, tukapaka mafuta tone moja, tukachomeka ganda tena. Likashika.

Mama akarudi kwenye mstari wa kupigia, akamaliza magazini nzima bila kukwama, maganda yote yakiangukia upande wa kulia, nyuma kidogo yake. Yule bwana akaja kumwomba radhi mbele ya watu wale wale. Mzee, hata hivyo, hakuridhika na springi ya kulabu. Alimwambia asiitegemee bastola hiyo mpaka ibadilishwe, na mama akaiacha kwetu ingoje springi mpya.