Kamera mpya Serengeti: panga manne, mengine yaache

Kamera ya kisasa ina menyu ndefu, na aliyeinunua wiki moja kabla ya kwenda Serengeti hataimaliza. Wala hana haja. Porini utashughulika na mambo manne: kasi ya shata (muda ambao kamera inapokea mwanga), tundu la lenzi (upana wa njia ya mwanga), ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) na fokasi (pale picha inapolengwa itoke wazi). Yapange usiku wa kabla ya safari, umetulia mezani, maana chui akishaonekana mtini hakuna muda wa kuperuzi menyu.

Zungusha gurudumu la juu hadi S, ambapo kasi ya shata unaichagua wewe. Kwenye Canon limeandikwa Tv. Weka kasi ya 1/1000 ya sekunde. ISO iache ijipange yenyewe, ila iwekee kikomo cha 6400. Tundu la lenzi kamera italichagua. Kwa simba aliyelala 1/250 inatosha ukiwa umeegemeza lenzi, lakini kwa duma anayekimbia panda hadi 1/2000. Wengi huogopa ISO kubwa kwa sababu ya chengachenga, yaani vidoa vidogo vidogo kwenye picha. Chengachenga hupunguzwa kwenye kompyuta. Picha iliyotikisika haina dawa. Kwa hiyo mwombe dereva azime injini kabla hujapiga, na uegemeze lenzi juu ya mfuko wa kitambaa wenye kilo moja au mbili za mchele.

Fokasi ndiyo inayoharibu picha nyingi kuliko kitu kingine. Kiwandani kamera huachwa ichague yenyewe pa kulenga, nayo hupenda kushika kilicho karibu: jani, unyasi, fremu ya dirisha. Mnyama anatoka na ukungu huku majani yametoka wazi. Chagua nukta moja ndogo, iweke kwenye jicho la mnyama. Kama kamera yako inatambua macho, hakikisha umechagua wanyama, kwa sababu nyingine huanza na watu. Kisha washa fokasi endelevu, yaani AF-C, au Servo kwenye Canon (AI Servo kwenye za zamani), ili imfuate mnyama anapotembea.

Shata ikigoma, usikimbilie kudhani kamera imekufa. Tazama kwanza swichi za pembeni ya lenzi. Lenzi ndefu nyingi zina swichi ya kuzuia umbali ambao fokasi inaweza kushika. Ikiwa imewekwa kwa vitu vya mbali tu, ndege aliyetua karibu na gari hatashikika kamwe. Kisha chomoa kadi ya kuhifadhi picha: kadi ya SD ina kiswichi kidogo cha kufunga ubavuni, na huteleza wakati wa kuichomeka. Skrini ikizimika ghafla, angalia kihisi kilicho jirani na tundu la kuchungulia. Mkanda wa shingoni ukikifunika, kamera hudhani umeweka jicho. Na ukiona ukungu ndani ya tundu hilo ilhali picha zenyewe ni safi, zungusha kigurudumu kidogo cha pembeni yake hadi maandishi yasomeke.

Shata ya kimya inavutia, lakini kwenye kamera nyingi hupinda mabawa ya ndege anayeruka. Itumie kwa wanyama waliotulia.

Betri: zima Wi-Fi na Bluetooth. Ukingo wa Ngorongoro uko mita 2,300 hivi juu ya usawa wa bahari, na baridi ya alfajiri huishusha betri haraka, hivyo ya akiba ikae mfuko wa ndani wa koti.

Vumbi: ukilazimika kubadilisha lenzi, funga madirisha na paa, zima kamera, uielekeze mdomo chini.

Ukimalizia safari Unguja, adui ni unyevu. Kamera iliyolala kwenye chumba chenye kiyoyozi hupata ukungu papo hapo ikitoka nje. Ifunge ndani ya mfuko wa plastiki kabla hujafungua mlango, isubiri nusu saa ishike joto. Ukungu ukishaingia, usiondoe lenzi mpaka ukauke wenyewe, la sivyo unyevu utatua juu ya sensa, yaani kihisi cha ndani kinachonasa picha.