Jabia letu lilivyoacha kuvuja

Huku kwetu Kizingitini, kisiwa cha Pate, jabia, yaani tangi la kuwekea maji ya mvua, likikauka ndo mwanzo wa shida zote, manake kila mtungi unaonunua kwa mwenye punda ni pesa ya unga imekwenda. Mwaka jana kusi limevuma mume wangu hashuki baharini, na jabia alotuwachia marehemu baba lina ufa, masika yote maji yaingia yatoka. Watoto wakawa wakioga maji ya kisima cha chumvi mpaka ngozi zawawasha. Iliniuma sana.

Fundi wa kwanza akanambia "dadangu, mchanga wa pwani upo bure, tutie saruji tumalize." Nikampa elfu mbili na kitu, mchanga nikabeba mwenyewe na karai. Msimsikize mtu kama huyo! Mchanga ule una chumvi, kabla vuli kwisha plasta waigusa na kidole yamomonyoka kama mkate mkavu, maji yote yakaishia ardhini.

Wengine wakasema pigeni plasta ndani kote. Pesa iko wapi? Nikasema kwanza tujue lavuja wapi. Nikaazima punda wa shemeji, tukatia maji ya kisima cha chumvi hadi nusu, nikapiga mstari wa mkaa ukutani. Kesho yake yameshuka vidole vinne, nikapiga mwengine, kesho kutwa viwili, siku ya tano na ya sita mstari uko palepale, yaani maji yamefika chini ya ufa yakasimama. Nikashuka na tochi nikapapasa juu kidogo ya mstari ule ukuta wote, kwenye pembe ya upande wa mnazi nikaupata, mwembamba kama uzi, na kijizizi kimechungulia. Wallahi nililia mle ndani.

Mfuko mmoja tu wa saruji ukatosha, na mchanga wa kuchimbwa shimoni, si ule wa pwani. Ule ufa uchimbueni mpaka mpate jiwe, na plasta ifunikeni magunia mabichi wiki nzima.

Masika haya mvua ya kwanza niliiacha ioshe sakafu ya kukingia mvua, ndo nikafungua tundu la kuingizia maji jabiani. Sakafu yetu ni mita 5 kwa 8, mvua ya milimita 10 tu hiyo ni lita 400, mitungi 20 ya bure! Nimetia na vijisamaki kama wanavyotia kwenye mabirika, ili wawale viluwiluwi wa mbu. Sasa mwezi wa nane, kusi bado lavuma, na nikishuka maji yanifika kiunoni.